Nyumba Juu ya Magurudumu: Tupime Faida na Madhara Yake



Dada mmoja aliyezaliwa Mombasa na kuolewa Muthetheni, katika eneo la Mwala, kaunti ya Machakos, ametuletea suala ambalo safu hii haijapata kuulizwa. Mumewe, aliyemaliza utumishi wake bandarini, amenunua basi dogo kuukuu la abiria 33. Nia yake ni kung'oa viti, kutia vitanda, jiko la gesi na tangi la maji, kisha kuichukua ahali yake wazunguke Afrika Mashariki kwa muda wa miaka miwili. Watoto ni watatu: wa miaka 12, 8 na 4. Ili kupata gharama, ataka kuuza nusu ya shamba la Muthetheni. Mama yake mzazi, ambaye umri umemwelemea, atabaki nyumbani na mtumishi. Dada yetu auliza mambo mawili: akikataa, je, atakuwa amemuasi mumewe? Na akikubali, je, atakuwa amewadhulumu wanawe?

Suala hili si la nyumba moja tu. Vijana wengi waliooana karibuni huona katika simu zao picha za familia za ng'ambo zinazoishi ndani ya magari, na moyo ukatamani. Basi na tulipime kwa mizani ya dini na ya akili, pasi na kulibeza wala kulipamba.

Jambo lenyewe si geni

Kuishi katika nyumba inayohama hakukuzuka na injini. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ataja neema mbili pamoja: majumba aliyoyajaalia kuwa mahali pa utulivu, na mahema ya ngozi ambayo watu huyaona mepesi siku ya kuhama na siku ya kutua. Basi nyumba ya kuhama nayo imo katika orodha ya neema, na hapana ubaya katika asili yake.

Ndugu zetu wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera wamekuwa wakiishi hivyo kwa karne nyingi. Nyumba ya Kisomali ya miti iliyopindwa na mikeka hujengwa na mwanamke, hubomolewa na mwanamke, na hupakiwa juu ya ngamia kwa amri yake. Huko Uingereza, mwaka 1885, daktari Mskoti William Gordon Stables alitengenezewa mjini Bristol gari la kukokotwa na farasi lenye kitanda na jiko, akatembea nalo nchini kwa kujifurahisha. Wengi humhesabu kuwa miongoni mwa waanzilishi wa mtindo huu wa starehe.

Hata hapo Mwala jambo la safari ndefu lina mizizi. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka kwa miguu hadi Mombasa na pembe za ndovu, na baadhi yao wakafanya makazi pande za Rabai. Jirani na Muthetheni kuna Wamunyu, kwao Mutisya Munge, ambaye alijifunza uchongaji kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya kwanza, akarudi nao kwao, na leo vinyago vya Wakamba vinauzwa duniani kote. Mtu huyo alitoka, akajifunza, akarejea, na kurejea kwake ndiko kulikoifaa jamii yake. Jambo hilo tuliweke akilini.

Faida zake

Faida ya kwanza ni mazingatio. Qur'ani yatuamrisha mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama, kama ilivyo katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20. Mtoto aliyesoma kitabuni kwamba Uislamu ni wa kale katika pwani yetu hajui kama ajuavyo mtoto aliyesimama Kizimkazi, Unguja, mbele ya msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 wa Miladi. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, magofu ya Gedi karibu na Malindi, na msikiti wa Riyadha wa Lamu ni darasa tosha kwa mtoto mwenye macho na mzazi mwenye subira ya kueleza.

Faida ya pili ni ukaribu. Baba aliyefanya kazi bandarini kwa zamu huenda watoto wake walikuwa wakimuona amelala tu. Katika gari hakuna pa kukimbilia. Mtasali pamoja, mtapika pamoja, na mtagombana pamoja mpaka mjifunze kusuluhishana. Kuna wazee wanaojuta hadi leo kwa kuwa hawakuwajua wana wao walipokuwa wadogo.

Faida ya tatu ni kujifunza kuishi na kidogo. Mwenye kabati moja hanunui nguo kumi. Na mwenye tangi la lita 100 hulijua thamani ya tone la maji kama wanavyoijua wanawake wa Ukambani wanaochota mtoni wakati wa kiangazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita, na akioga kwa pishi moja au kuzidi kidogo. Familia ya watu watano, hata wakitumia lita nzima kwa kila udhu, hawatapita lita 25 kwa siku kwa sala tano. Mfereji wa nyumbani umetusahaulisha sunna hiyo, gari litatukumbusha.

Madhara yake: ibada

Hapa yataka tutulie, kwa kuwa wengi hudhani kwamba mwenye kuishi garini ni msafiri daima, basi atapunguza sala daima. Sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, kupunguza sala kuna masharti. Safari iwe ya marhala mbili, yaani kilomita 80 na kitu. Iwe na mwisho unaojulikana. Mwenye kuzurura asiyejua aendako hana ruhusa hiyo. Na akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, husali kamili tangu afikapo. Ama aliyekwama kwa haja anayotaraji itimie wakati wowote, kama gari liko kwa fundi na kila siku aambiwa "kesho", huendelea kupunguza hadi siku 18.

Wanazuoni wetu walilizungumza pia suala la baharia anayesafiri na mkewe na watoto chomboni, ambaye jahazi ndilo nyumba yake. Imamu Ahmad alisema huyo asali kamili, maana hakuacha makazi. Yumo ndani ya makazi yake. Wanazuoni wa Kishafii wakasema kupunguza kwafaa, lakini kukamilisha ni bora kwake, ili atoke katika khitilafu. Lau wangeliona basi la ndugu yetu wa Muthetheni, hapana shaka wangelilinganisha na jahazi hilo. Vivyo hivyo katika saumu: wako waliosema kwamba mtu ambaye safari yake haina kikomo asiifanye ruhusa ya kufungua kuwa desturi, kwani lini atalipa deni lake?

Kuna na sala ya Ijumaa. Msafiri hailazimiki, lakini mtoto wa miaka 12 anayekaribia kubaleghe akikaa miezi na miezi asiuone mkusanyiko wa Waislamu, moyo wake utazoea kutouona. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri. Mji ulihifadhi dini kwa sababu watu walikaa pamoja wakaijenga.

Madhara yake: watoto

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimisha mzazi nchini Kenya kumpeleka mtoto wake shule, na kumzuilia ni kosa. Mtoto wa miaka 12 yuko karibu na mtihani wa taifa wa darasa la 6 au ndiyo kwanza ameupita, na mbele yake kuna wa darasa la 9. Miaka miwili katika umri huo si kitu kidogo. Na madrasa je? Juzuu alizohifadhi, asipokuwa na mwalimu wa kumsikiliza kila siku, zitapukutika kama majani.

Watu husema: "Mbona wafugaji wanahama na watoto wao wanahifadhi Qur'ani?" Ni kweli, na jibu limo ndani ya swali. Wafugaji hawahami peke yao. Huhama na jamaa, na mara nyingi huhama na mwalimu wa chuo, ambaye wazazi humlisha na kumlipa kwa mifugo. Ubao na wino wa makaa huenda nao popote. Bibi yuko, shangazi yuko, mkunga yuko. Kinachohama ni kijiji kizima. Familia ya basi huhama mmoja mmoja, na kila jioni hutua miongoni mwa wageni. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na picha za simuni haziionyeshi.

Madhara yake: mke na mali

Mzigo wa safari ya namna hii humwangukia zaidi mwanamke. Mume huona barabara. Mke huona vyombo, nguo za mtoto wa miaka 4, choo cha usiku, na mahali pa kujisitiri anapotaka kuoga josho la wajibu. Kituo cha mafuta cha Mtito Andei chaweza kumfaa dereva wa lori kulala. Je, chamfaa mama na binti? Mambo haya si aibu kuyataja. Kuyanyamazia ndiko kunakozaa ugomvi njiani.

Mali nayo ihesabiwe kwa kalamu. Tuseme basi lao latumia lita 1 kwa kila kilomita 6. Kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480 hivi, ni lita 80. Wakitembea kilomita 1,500 kwa mwezi ni lita 250, na kwa miezi 24 ni lita 6,000. Zidisha kwa bei inayotangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, na hapo hujatia tairi, fundi, bima, chakula, wala ada za kupiga kambi katika hifadhi za wanyama. Gari lililobadilishwa umbo na matumizi lahitaji pia kukaguliwa upya na NTSA na bima irekebishwe, na kuvuka mipaka kwahitaji bima ya nchi hizo, kama Kadi ya Njano ya COMESA. Basi kuukuu hushuka thamani kila siku liendapo. Shamba la Muthetheni hukaa mahali pake, na likinyesha huota mahindi na kunde. Wazee wetu walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Huko Marekani, baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008, wazee wengi walipoteza nyumba na kazi wakahamia ndani ya magari, wakizunguka kutafuta vibarua vya msimu. Mwandishi Jessica Bruder aliandika habari zao katika kitabu Nomadland cha mwaka 2017, kikafanywa filamu mwaka 2020. Gari ni lile lile, na barabara ni ile ile. Lakini anayesafiri akiwa na pa kurudi yuko katika matembezi, na asiye na pa kurudi yuko katika uhamisho. Kuuza shamba ndiko kutakakoivusha familia hii kutoka hali ya kwanza hadi ya pili.

Madhara yake: mzazi anayeachwa

Tumeliweka hili mwisho kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Mtu mmoja alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka kutoka kwenda jihadi. Akamuuliza kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, akamwelekeza kwamba juhudi yake aifanye kwao. Ikiwa safari ya jihadi iliwekwa nyuma ya wazazi, matembezi yatawekwa wapi?

Ibn Battuta huyo huyo aliondoka Tangier mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, na wazazi wake wote wawili wako hai. Aliiona dunia kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Lakini mwaka 1348, alipofika Damascus, ndipo alipopata habari kuwa baba yake alikwisha kufa miaka 15 nyuma. Na mwaka uliofuata, akiwa njiani kurejea kwao, alipofika Taza akaambiwa kwamba mama yake amekufa kwa tauni. Alikuwa amebakisha siku chache tu za mwendo. Kitabu chake kimebaki, nasi twakifaidi. Mama yake hakumuona tena.

Haki ya mke na adabu ya mashauriano

Sasa twarudi kwa maswali ya dada yetu. Wanazuoni wamesema mume ana haki ya kusafiri na mkewe iwapo njia ni salama na mwenyewe ni mwaminifu. Lakini haki hiyo imefungwa na kanuni ya kuondoa madhara, na Surat At-Talaq, aya ya 6, yamtaka mume ampe mke makazi kwa kadiri ya uwezo wake bila ya kumdhuru wala kumtia dhiki. Tena fuqahaa wetu wakataja nukta ya kupendeza: mke anayemfuata mumewe bila kujua aendako hapunguzi sala mpaka wapite marhala mbili. Ibada yake yenyewe yahitaji aambiwe wanakokwenda. Itakuwaje basi maisha yake yasihitaji?

Kueleza hofu kwa adabu si uasi. Katika Surat Al-Baqarah, aya ya 233, hata kumwachisha mtoto kunyonya kumeambatanishwa na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Kumng'oa mtoto shuleni na chuoni kwa miaka miwili ni kukubwa zaidi, basi mashauriano yake ni ya lazima zaidi. Ama shamba, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yazuia mali ya ndoa kuuzwa pasi na ridhaa ya mwenzi, japokuwa yamruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo hayo. Na ardhi ya kilimo hupitia bodi ya ardhi. Mkishindwa kuafikiana, mwendeeni kadhi aliye karibu kabla ya saini, si baada yake. Na mume akumbuke wasia aliopewa Sa'd bin Abi Waqqas: kuwaacha warithi wakiwa na cha kujitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono.

Rai yetu

Kwa kupima haya yote, twaona kuwa safari ya miaka miwili kwa bei ya shamba na kwa kumwacha mama mzee haifai. Hata hivyo, hamu ya mume si ya kutupwa. Mtu aliyetumika umri mzima akitamani kuwaonyesha wanawe nchi ya Mola wao amestahiki kusikilizwa. Basi dada yangu, usimjibu kwa "sitaki". Mjibu kwa mpango.

Mwambie: tuanze na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Basi limeshanunuliwa, na liwekwe vitanda kwa gharama ndogo. Tutoke Muthetheni hadi Machakos, tuifuate barabara kuu kupitia Kibwezi, Mtito Andei na Voi hadi Mombasa, tutue kwa jamaa, kisha Malindi na Gedi. Wakitaka Lamu, waulize kwanza hali ya usalama wa barabara. Gari huachwa Mokowe na watu huvuka kwa mashua. Kila kituo kiwe karibu na msikiti, na kila Ijumaa iwakute mjini. Mtoto mkubwa asome hizbu moja kila siku kwa baba yake. Usiku wasiende, jua likikaribia kutua wawe wameshaegesha. Mwenye kusimamia pesa na maji awe mke, kama yule mama mfugaji anayeamrisha nyumba yake ipakiwe. Na shamba lisiuzwe: sehemu yake ikodishwe kwa msimu, na kodi iwe mafuta ya gari.

Na mama mzee? Akiwa na afya ya kukaa kitini, wamchukue hadi Mombasa naye akapumzike kwa jamaa. Asipoweza, safari iwe fupi, na abaki na mwanawe au bintiye wa damu, asiachwe mikononi mwa mtumishi peke yake.

Baada ya wiki tatu wataketi waulizane: tumeongeza nini katika dini yetu, na tumepunguza nini? Waliochoka ni nani? Pesa zilikwenda wapi? Kama jibu ni jema, likizo zaja kila mwaka, na Uganda na Rwanda haziendi popote. Kama jibu ni baya, watakuwa wamepoteza wiki tatu, nao shamba lao bado lipo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba safari ina adhabu ndani yake, na kwamba aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa ahali zake. Nasi watu wa pwani twajua: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu amani njiani, awape wazazi wetu maisha marefu katika twaa, na atujaalie majumba yetu, yaliyosimama na yanayokwenda, yawe mahali pa utulivu. Wallahu a'lam.